Buibui wa Kabureta ya Mbele

Fimbo yenyewe, ya chuma, haikuwa na urefu wa hata mkono mmoja, tena ilikuwa na kutu, lakini asubuhi ile kwenye gulio la vipuri la Hazel Park ilishikwa na watu wawili kwa pamoja. Upande mmoja alikuwa Emmett Dudek, dereva wa basi la shule, mtu wa makamo ambaye hajawahi kuoa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mbele na kusahauliwa mgongoni. Upande wa pili alikuwa Verna Pickett, msusi, mjane, kavaa gauni la maua ya njano na buti za kazi, harufu ya mafuta ya nywele ikishindana na grisi na vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa jirani.

"Nimeishika mimi kwanza," Emmett alisema.

"Na mimi nimeishika vizuri zaidi," alijibu Verna. "Unaitakia nini?"

Hapo ndipo Emmett alipojiponza. Macho ya yule mama yalimfanya atake kuonekana mtu. Akaeleza kwamba analo gari la marehemu baba yake, la kijani, la mwaka sitini na sita, lenye injini kubwa na kabureta tatu za kuilisha hewa na petroli, zilizopangwa mstari mmoja, na zote tatu zinapumua kama watoto waliolala. Fimbo kama hii ndiyo inayoziunganisha, ili ukikanyaga mafuta zifunguke pamoja. Yeye ya kwake anayo. Hii anaitaka ya akiba tu.

"Ya akiba," alisema Verna, akaitoa fimbo taratibu mkononi mwa Emmett. "Basi huna shida nayo, baba. Marehemu baba yangu aliniachia rafu ya vipuri na sharti moja. Kitu kinakaa pale mpaka aje mwenye shida ya kweli."

Mwenye shida ya kweli alikuwa amesimama mbele yake, amefunga mdomo.

Maana gari lilikuwa na kabureta tatu, ndiyo, ila iliyofanya kazi ilikuwa ya katikati peke yake. Mzee Dudek alihangaika kuzisawazisha hizo nyingine mpaka akachoka. Ya mbele ilikuwa ikimwaga petroli, ya nyuma ikikohoa. Siku moja akaziba njia zao za petroli, akatupa fimbo, akazing'arisha kwa nje, akamwambia mwanawe kuwa watu hutazama tu, hawapimi. Na kweli, gari likinguruma limesimama, ya katikati ndiyo inayohema. Nyingine mbili, hata zikiwa nzima, huamka tu mtu anapokanyaga sana, na Emmett hakuwa mtu wa kukanyaga. Aliendesha polepole ili siri isitoke, na mtaa mzima ukamsifu kwa ustaarabu.

Verna aliona amemwonea Emmett kidogo, akamkatia nusu ya soseji yake, ile ya kumwagiwa nyama ya kusaga juu. Wakala wamesimama. Emmett alimfutia haradali kwenye mkono wa gauni bila kuambiwa, na Verna hakulisahau jambo hilo.

Wakaanza kupigiana simu kila jioni. Verna alimsimulia vituko vya saluni, Emmett akamsimulia vya watoto wa basi. Ijumaa walikwenda kutembea na gari la kijani, vioo vimeshushwa, baiskeli zikiwapita.

"Marehemu mume wangu alikuwa akiendesha kama anafukuzwa na nyuki," Verna alimwambia siku moja. "Wewe unaendesha kama umebeba mayai. Konokono wangu."

Kule saluni aliwatangazia wateja kwamba amepata mwanamume mwenye nguvu nyingi asiyezitumia ovyo. Kila Verna alipoyarudia maneno hayo garini, Emmett alitamani kiti cha gari kifunguke kimmeze. Mara kadhaa alifungua mdomo aseme ukweli. Kila mara aliishia kuuliza kama upepo haumsumbui.

Ikafika Jumamosi ya Agosti, siku ambayo barabara ya Woodward hujaa magari ya zamani, na wazee hukaa kando kwenye viti vya kukunja wakitathmini injini za wenzao. Emmett aliegesha, akafungua boneti, akasimama kando yake kama bwana harusi. Verna akaja na mkoba wake, akatoa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani.

"Zawadi yako," alisema. "Baba yangu hakuwa akitumia mashine kupima kabureta. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Zikivuta hewa sawasawa zinavuma kwa sauti moja. Leo nataka kuzisikia zote tatu zikiimba."

Emmett akasema injini bado ina moto. Verna akasema ndivyo inavyotakiwa. Emmett akasema labda wangekula kwanza. Wazee wakasogeza viti. Hakukuwa na pa kukimbilia, akaingia ndani, akawasha.

Verna aliondoa kifuniko, akaingiza mpira kwenye kabureta ya mbele, akamwambia akanyage. Emmett akakanyaga kidogo. Verna akaomba zaidi. Injini ikaunguruma, lakini ule mpira ulikuwa kimya kama kaburi. Akainama kuchungulia. Ndani ya koo la kabureta, katikati ya utando mzuri uliosukwa kwa utulivu, alikuwepo buibui mnene, ambaye kelele zile hazikumshtua hata kidogo.

"Huyo mpangaji kahamia lini?" aliuliza mzee mmoja, na viti vyote vikacheka.

Verna hakucheka. Aliona njia ya petroli iliyozibwa, akaona mahali pa fimbo pakiwa patupu. Akaukunja mpira wake polepole.

"Siku ile gulioni," alisema kwa sauti ya chini, "ungesema tu huna. Ningekupa, na tungekuwa na kazi ya kufanya pamoja majira yote ya joto. Badala yake nimewasifia watu wote buibui."

Akaondoka kwa miguu, buti zikigonga lami. Emmett alirudi nyumbani polepole kama kawaida yake, ila sasa kila mtu alijua sababu.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, vivyo hivyo. Basi akageukia alichokiogopa tangu ujana wake. Alizishusha zile kabureta mbili, akazifungua, akazisafisha kwa mswaki, akaweka karatasi mpya za kuzuia hewa isivuje, akazibua njia za petroli. Alipomaliza palibaki pengo moja tu, la fimbo. Akapiga simu saluni, akijua hapo lazima mtu apokee.

"Namtafuta mwenye rafu ya marehemu baba yake," alisema.

Kisha sauti ya Verna ikauliza anataka nini.

"Nina shida ya kweli. Nina kabureta tatu, na sijui kuzisawazisha. Sikujua tangu zamani. Baba naye hakujua. Nina mikono, ila sina sikio, wala sina fimbo."

"Hiyo ni shida kubwa," Verna alisema. Kwa mbali mteja alisikika akimwuliza kama ni yule wa buibui. "Ndiye," Verna akamjibu, halafu akakata simu.

Alasiri alifika na fimbo imefungwa kwenye taulo la saluni. Emmett akampa kiti. Lakini Verna alikuwa amesimama mbele ya dirisha la gereji. Pale juani paliwekwa kabureta moja kuukuu, mbovu kabisa, na kwenye koo lake yule buibui mnene alikuwa anasuka upya.

"Hii umeitoa wapi?"

"Gulioni. Nilimhamisha kwa kijiko," alisema Emmett kwa aibu. "Hakuwa na kosa. Mwongo nilikuwa mimi."

Verna alimtazama buibui, kisha akavua pete zake, akakunja mikono ya gauni.

Wakafunga fimbo. Emmett alizungusha skrubu, Verna akasikiliza, mpira sikioni. Ya nyuma inavuta zaidi, punguza. Ya mbele inapiga mluzi, kaza huo upande. Ongeza kidogo. Nimesema kidogo, konokono, hulimi shamba. Aliposikia lile jina Emmett karibu aangushe bisibisi.

Ikafika wakati Verna akafumba macho. Mbele, katikati, nyuma, sauti moja. Emmett aliizima injini, akaishika ncha ya mpira iliyokuwa chini, akaileta mdomoni.

"Verna," alisema mle ndani, taratibu, "utakubali kuolewa na mtu asiye na akiba ya kitu chochote?"

Verna hakufumbua macho. Alivuta mpira kutoka sikioni, akauweka mdomoni, akamwashiria Emmett ahamishie ncha yake sikioni.

"Nitakubali," ilisema sauti ndani ya mpira. "Sasa washa, na safari hii ukanyage."