Sarafu Iliyofichwa Siku ya Arobaini

Haya yalimpata rafiki yangu, Mama Loyce wa Newala. Siku ya arobaini ya mumewe, ndugu walipogawana vitu vya marehemu, yeye aliificha sarafu moja ya fedha, ukumbusho wa vita vya kale vya Ulaya, yenye farasi na mikuki. Hakuwa na kingine cha kumkumbukia, na nyumba ilikuwa kimya mno.

Wiki iliyofuata aliipeleka Masasi kwa sonara, mzee Ashraf, ili itobolewe, aivae shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Loyce. Tuisikilize kwanza. Fedha halisi hulia kama kengele."

Umeme ulikuwa umekatika, kibanda kizima giza. Sonara akaidondosha juu ya jiwe. Haikulia. Zilisikika kwato nyingi kwa mbali, kama mvua inayokuja juu ya mabati. Kisha akasikika mtu akihema, karibu kabisa.

"Veridiana, nimechoka kukimbia."

Tangu Mama Loyce alipozaa, jina lake hilo alikuwa akiliita mumewe tu, tena wakiwa wawili.

Sonara aliinamisha sikio hadi karibu na jiwe.

"Mama Loyce," akanong'ona, "Veridiana ni nani?"