Viganja Chini ya Plasta

Nilirudi ghalani jua likizama, kufuata mwiko wangu wa kupigia plasta, niliousahau. Mimi ni fundi wa plasta. Ghala lile la zamani, karibu na gati, lilikuwa linageuzwa makumbusho ya mji, na mlinzi wake ni shangazi yangu. Nilimwacha mlangoni akinitania, "Fundi gani anasahau mkono wake?"

Ndani, kimya. Halafu...

Ko. Ko. Ko.

Kutoka ndani ya ukuta.

Nikasogea. Kipande cha plasta kikadondoka chenyewe miguuni pangu. Chini yake, kwenye chokaa kuukuu, palikuwa na alama ya kiganja. Nikaokota mwiko, nikakwangua. Kingine. Vya watu wazima, vya watoto, vimebanana kama vya watu waliosukumiwa humo wakafungiwa. Mji mzima tunajua kuwa watu walipakiwa melini kwenye gati hili, wakauzwa. Tunajua, ila hatusemi.

Harufu ya mwani uliooza ikanijia.

"Funika, binti."

Nikageuka. Mwanamume mwenye koti refu, linachuruzika maji. Na mlango ni mmoja tu, shangazi kaukalia.

"Funika," akanong'ona. "Mji huu una amani yake."

Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga.

"Hauna amani. Umezibwa mdomo. Sifuniki!"

Akanidaka mkono. Baridi... baridi ya kitu kilichokaa majini miaka na miaka. Nikaokota nyundo ya kazi iliyolala sakafuni kwa mkono wa pili, nikautwanga ukuta. Plasta ikamwagika. Mle ndani kugonga kukazidi, ko-ko-ko-ko, kama umati.

"Shangazi!"

Aliingia na taa. Alipomwona yule mtu, uso ukamsawijika.

"Wewe," akasema polepole. "Bibi aliificha picha yako uvunguni mpaka anakufa. Mwenye ghala. Babu yetu." Akainua taa. "Babu au si babu, toka!"

Taa ikazimika. Shangazi alipoiwasha tena, sakafuni palibaki maji ya chumvi tu.

Tulifungua makumbusho, ukuta ule ukiwa wazi, na jina la babu tukaliandika pembeni kwa herufi kubwa. Baadhi ya ndugu hawatusemeshi mpaka leo.

Na kila asubuhi nakuta plasta mbichi imepakwa juu ya viganja. Kufuli halijaguswa. Anayepaka anaingiaje, sijui... au labda hajawahi kutoka.

Naikwangua. Akipaka kesho, kesho nitakwangua.