Tangi Nalo Linahitaji Hewa

Joash aliamka amechoka, kama mtu aliyesukuma basi usingizini. Mkewe Caren, muuza samaki, alimwekea uji.

"Baba Gesare, leo litapanda?"

"Liulize lenyewe."

Kila asubuhi Joash aliendesha basi kutoka Muhuru Bay hadi Migori. Lilianza safari vizuri. Lakini likifika mlimani na mzigo wake, nguvu zilipotea. Halikuzimika. Lilinguruma kwa unyonge tu, na abiria wakashuka kusukuma. Filta ilishabadilishwa. Mafundi waliliwasha gereji, likawaka vizuri kabisa, wakamtazama Joash kama mwongo. Sasa Abdullahi, mwenye basi, alikuwa amesema neno la mwisho: likikwama tena, usukani atapewa Mayaka, dereva mwingine.

Siku hiyo lilikwama mahali pake pa kawaida, kwa uaminifu mkubwa.

"Dizeli imeisha!" abiria mmoja alifoka. "Omera, ndugu yangu, unatubeba na maombi?"

Kelele hiyo ilikuwa desturi, na dawa yake pia ilikuwa desturi. Ryoba, konda, alishuka na fimbo ya kupimia dizeli, ameishika kama askofu. Kila mara alifungua tangi, akachovya fimbo, akawaonyesha wote jinsi ilivyolowa. Muda mfupi baadaye basi lilipata nguvu. Watu walisema limeona aibu.

Lakini leo alikuwemo Noor, mwenye duka la vipuri Migori. Alimshika Ryoba mkono.

"Usifungue kwanza. Joash, kanyaga mafuta!"

Joash alikanyaga. Injini ilikohoa, ikafifia.

"Sasa fungua polepole. Nyinyi wengine, kimya!"

Kifuniko kilipolegea, tangi lilivuta hewa: fyuuu!

"Kanyaga tena!"

Injini iliunguruma mpaka kuku wa abiria mmoja wakapiga kelele.

"Ni fimbo yangu," Ryoba alisema.

"Fimbo yako haijaguswa na dizeli leo," Noor alijibu. "Joash, ukibana mdomo wote wa chupa ya soda kwa midomo yako, ukavuta, soda inakuja?"

"Inakuja kidogo, halafu inagoma."

"Ndivyo tangi lilivyo. Dizeli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu inavuta bure na injini inakosa chakula. Mlimani injini inataka dizeli nyingi, ndiyo maana inachokea hapa. Kwa kawaida kifuniko kina tundu dogo la hewa. Lenu liko wapi?"

Ryoba aligeuza kifuniko. Juu ya tundu kulikuwa na kipande cha mpira wa tyubu, kimefungwa vizuri kwa waya.

Caren, aliyekuwa akisafiri na samaki wake kwenda sokoni, alitazama viatu vyake.

"Mpira nilikata mimi," alisema. "Maji ya samaki wangu yalidondoka kutoka juu ya basi hadi kwenye tangi."

"Na waya nilikaza mimi," Joash alisema kwa sauti ndogo.

"Mlifikiri vizuri, mkaziba vibaya," Noor alisema. "Maji kwenye dizeli ni hatari kweli. Lakini hamisheni samaki, msizibe tundu. Na gereji kifuniko hufunguliwa kupima dizeli, ndiyo maana mafundi hawakuona kitu. Siku nyingine nguvu zikipotea hivi, fungueni tangi msikilize. Lisipovuta hewa, angalieni filta na mabomba ya dizeli."

Joash aling'oa mpira, akasafisha tundu kwa waya uleule. Caren alihamishia matenga yake upande wa pili.

Kesho yake Abdullahi alipanda basi mwenyewe, na Mayaka kando yake, tayari kurithi usukani. Mlima ulipokaribia, abiria walivua viatu na kukunja suruali kama walivyozoea. Basi lilipanda. Likapanda tu, mpaka juu. Abiria walibaki wamesimama, viatu mkononi, nusu wamefurahi na nusu wameudhika.

Abdullahi aligeuka kumtazama Mayaka. Mayaka alikuwa amelala.

"Mwacheni apumzike," Abdullahi alisema. "Hana kazi hapa. Joash, endesha."

"Usilale wewe pia, Baba Gesare," Caren alisema kutoka nyuma.

"Nitalala Jumapili," Joash alijibu, akabadilisha gia.