Usitie Maziwa

Blenda ikiwashwa bila kifuniko haina adabu. Saa ya chakula cha mchana, lango la soko limejaa watu mpaka pa kupitisha bega hapana, mwuza juisi mmoja alikuwa akipiga soga na wateja wake. Akabonyeza kitufe huku kifuniko bado kiko mkononi. Maziwa na parachichi vikaruka juu, vikatua kwenye gauni la harusi lililokuwa likipita zake mikononi mwa fundi cherehani.

Fundi mwenyewe alikuwa amevaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alilitazama lile gauni jeupe, kisha akamtazama mwuza juisi.

"Bibi harusi anakuja kulichukua jioni," alisema. "Zima hiyo mashine, tukafue."

"Tukafue mimi na wewe?"

"Ulitaka nikafue na nani, na parachichi?"

Jamaa akamwachia jirani kibanda, akavuka barabara kumfuata, akafua. Kabla gauni halijakauka alikuwa ameshamsimulia fundi maisha yake tangu utotoni. Watu walimwita Povu, kwa sababu ya povu la maziwa lililosimama juu ya kila glasi yake, na pia kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua kupumzika. Fundi alimsikiliza, akacheka mpaka akajichoma sindano. Hayo ya katikati tuyaruke, maana wapendanao wote huyapitia. Walioana.

Walipanga chumba na sebule nyuma ya soko, wakapendana bila kificho. Tatizo ni kwamba Povu hakuwa na kificho kwa jambo lolote. Mkewe alipopata ujauzito wa kwanza, Povu aliijua habari asubuhi, na kufikia mchana ilikuwa imemfikia kinyozi, mwuza nyanya na hata mgeni aliyekuja kuuliza njia. Mimba ile ilipoharibika, wote walioambiwa wakaja na pole zao. Fundi akienda dukani, pole. Akifungua mlango wa karakana, pole. Watu walikuwa na nia njema, lakini kila pole ilimrudisha kwenye kile kitanda cha hospitali. Hakumlaumu mumewe. Aliapa tu moyoni kwamba safari nyingine hatajua mtu mpaka tumbo lenyewe liseme.

Na safari hiyo nyingine ikafika. Aliyeambiwa ni mmoja tu, dada yake mkubwa.

Shida ikawa maziwa. Harufu yake tu ilimgeuza tumbo, na mume aliyempenda alirudi kila jioni akinukia maziwa kuanzia kola ya shati hadi nyweleni.

"Mbona siku hizi unanigeuzia mgongo?" Povu aliuliza.

"Joto."

"Mpenzi, tangu jana mvua inanyesha."

"Basi ni joto la mvua."

Povu akacheka, lakini hakufurahi. Kesho yake akamletea glasi ya parachichi na maziwa, ile ile aliyompa siku walipofua gauni. Fundi akasema, "Weka hapo, nitakunywa." Baadaye Povu akalikuta povu lake lote limebaki kwenye sinki. Alilitazama kwa muda, kisha akafungulia maji.

Siku chache zikapita. Povu alikwenda kununua barafu upande wa pili wa soko, na huko akamwona mkewe kwenye kibanda cha juisi cha Miwani. Huyu Miwani alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, miwani myeusi usoni hata kukiwa na mawingu. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, amekumbatia glasi kwa mikono miwili, anakunywa amefumba macho. Ilipokwisha, akaomba nyingine.

Mke wa mwuza juisi anakunywa juisi kwa mwingine. Kwa watu wa kazi hiyo, afadhali ungemkuta amekaa na mtu hotelini, maana hapo angeweza kusema ni ndugu yake. Povu alirudi kibandani barafu ikimyeyukia mkononi.

Jioni hakusubiri hata kukaa. "Yangu unaimwaga kwenye sinki, ya Miwani unaifumbia macho."

"Nilikuwa na kiu, Povu."

"Kiu? Mke wangu mimi aone kiu mpaka aende kwa Miwani?"

Neno moja tu lingemaliza ugomvi wote. Fundi alilifikisha mpaka ncha ya ulimi. Halafu mawazoni akamwona kinyozi mlangoni, na mwuza nyanya, na zile pole zimepanga foleni, akalimeza. "Usinipigie kelele, tafadhali. Sina nguvu," alisema. Akachukua khanga zake mbili, akaenda kwa dada yake.

Usiku huo simu ililia.

"Umekula?" Povu aliuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula, Povu. Na wewe?"

Hapo ndipo Povu angesema amemkumbuka. Badala yake akauliza, "Chakula cha kwa Miwani?" Simu ikakatwa. Mjinga alibaki amekaa na simu sikioni, akijitukana.

Asubuhi akaenda kwa Miwani, mikono ya shati ameikunja, wala hajui atasema nini. Miwani alivua miwani yake kwa heshima.

"Kaka, mimi sina kosa. Shemeji ananisimamia kama bosi. 'Jagi lisuuze kwa maji ya moto. Usitie maziwa.' Halafu ananipangia matunda moja moja. Mimi nasaga tu."

"Nisagie hiyo hiyo."

Povu akaonja. Mkali wa kazi haulizi kilichowekwa, ulimi humwambia. Ndizi iliyogandishwa, ndiyo inayoleta uzito. Embe lililoanza kuiva. Tangawizi, nyingi kidogo. Maji ya dafu. Ndimu. Halafu, nyuma kabisa, chumvi.

Akashusha glasi. Mkewe hakuwahi kutaka chumvi kwenye tunda ila kipindi kimoja tu, na kipindi kile Povu alikuwa akimkatia embe bichi asubuhi na kulitangazia soko zima mchana. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Akafungua mdomo kumwambia Miwani.

Halafu akaelewa kwa nini yeye mwenyewe hakuambiwa. Hilo lilimuuma kuliko wivu wote wa jana. Akaufunga mdomo.

"Vipi, kaka?" Miwani aliuliza.

"Tamu. Punguza chumvi."

Alifunga kibanda mapema. Akanunua jagi jipya, maana la zamani lilikwishashika harufu. Akaoga kwa sabuni na ndimu, akavaa shati ambalo halijawahi kuingia kazini. Akaosha matunda kwa makini, akasaga ndizi, embe, tangawizi na maji ya dafu, ndimu ya kutosha, chumvi ya kuonja tu. Mwisho akaongeza kipande cha parachichi, ili juisi iwe laini bila maziwa.

Dada wa mkewe alimfungulia mlango, akalitazama jagi, akajifanya amekumbuka nguo za kuanua nje.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa, macho yamechoka. Alinusa kwanza, akisubiri tumbo ligome. Halikugoma. Akanywa, akapumzika, akanywa tena.

"Kuna parachichi," alisema.

"Lina deni na wewe tangu siku ya gauni."

"Umejuaje?"

"Chumvi."

Fundi akaishika glasi kwa nguvu. "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata Miwani?"

"Miwani nimemwambia apunguze chumvi."

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka machozi. Povu akaketi kando yake, polepole, kama anayeomba ruhusa. "Uliuogopa mdomo wangu," alisema.

"Niliziogopa zile pole. Nisingeweza kuzipokea tena, Povu. Na bado naogopa. Je, ikiwa kama ile ya kwanza?"

"Tutalia wawili, mlango umefungwa. Nisamehe, mama. Nilikuachia mzigo wa mdomo wangu uubebe peke yako."

Fundi aliegemea bega lake, akanusa shati, akabaki hapo hapo.

Kesho yake soko lilikuwa limejaa kama kawaida. Wateja wakamzunguka Povu, wakashangaa kumwona anatabasamu bila kusema.

"Leo huna habari?" kinyozi aliuliza.

"Sina."

"Na hili jagi jipya ulilolifunika kitambaa, la nani?"

Ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la karakana, fundi mwenye futi shingoni alikuwa ameinua macho kutoka kwenye cherehani. Povu alimwona.

"La mteja wangu mmoja," alisema. "Hapendi maziwa."

Akakibana kifuniko kwa mikono miwili, ndipo akawasha.