Ndoano ya Mama Divine

Jumamosi jioni ua wa Émérance, pale Nyangwe, hujaa wanawake. Kesho yake ni misa, na hakuna anayetaka kuingia kanisani na kichwa kilichovurugika. Mmoja huketi kwenye kigoda, wengine hungoja zamu yao huku wakipiga soga. Émérance husimama nyuma ya kigoda, uzi mweusi mkononi. Anashika fungu la nywele, anazungusha uzi kuanzia shinani, anakaza, anazungusha tena. Mwisho anafunga fundo ambalo hulioni hata ukilitafuta. Watu huvuka mto Lualaba kwa mtumbwi ili wasukwe naye. Tuseme kweli tu: mikono ile ina baraka.

Lakini Jumamosi hiyo mikono yake ilikuwa mizito. Ndani ya nyumba binti yake, Esther-Divine, mtoto wa miaka miwili, alikuwa amelala na homa. Haikuwa mara ya kwanza. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amempa dawa ya malaria, kisha akamuuliza mama kama mtoto analala ndani ya chandarua. Émérance aliinamisha macho. Chandarua walikuwa nacho. Kilikuwa mtoni.

Wanawake walipoondoka, Zakaria, mume wake, alirudi. Chandarua kilikuwa begani, kinachuruzika maji. Émérance alichungulia ndani ya ndoo yake. Aliona vitoto vya samaki, vidogo kama kucha, vimechanganyika na tope na majani.

"Baba Divine, hivi njo tutapika?"

"Sasa unataka nifanye je?" Zakaria alijibu. "Zamani nilikuwa natumia ndoano, unajua mwenyewe. Visamaki vidogo vinakula munyoo, vinaniachia chuma. Nilikuwa narudi mikono mitupu. Chandarua haikatae kitu."

"Haikatae kitu, njo maana mto unaisha! Hivi vitoto ungeviacha, kesho vingekuwa samaki. Na mutoto wetu, mbu wanamukula kila siku."

Zakaria hakuwa mtu mbaya. Mtoto akilia, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Ila tumbo tupu nalo hulia, na yeye alikuwa anasikia vilio viwili.

"Nipatie ndoano yenye kushinda chandarua," alisema mwishowe, "na mimi mwenyewe nitarudisha chandarua ku kitanda."

"Umesema?"

"Nimesema."

Neno hilo Émérance alilishika.

Jirani yao aliitwa Atumani. Alikuwa mtu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Alikuja Maniema kuchimba dhahabu upande wa Wamaza, mgongo ukamkatalia, sasa aliuza chumvi na sabuni hapo Nyangwe. Kabla ya dhahabu alikuwa mvuvi. Kila mara alisimulia kwamba kwao samaki wanavuliwa kwa unyoya wa kuku, bila mnyoo hata mmoja. Watu walimcheka. Hata Émérance aliwahi kucheka. Safari hii alimwendea jioni ile ile, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Samaki anaona kitu kidogo kinatembea mu maji," Atumani alimweleza. "Anafikiri ni kasamaki, anakimeza. Unahitaji ndoano, unyoya, uzi, na kitu kizito kidogo ku kichwa ili izame. Nitakuja kuwaonyesha kesho."

Émérance akampelekea mumewe habari. Zakaria ni mtu wa haraka. Kesho yake hakumngoja Atumani. Émérance alipotoka misa alimkuta uani, amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko lao la makaa. Alikuwa amevunja betri kuukuu ya pikipiki, na vipande vya madini ya ndani ameviweka motoni. Vilikuwa kwenye sufuria ya Émérance, ile nzuri aliyopewa siku ya arusi.

"Sufuria yangu!"

"Ngoja kidogo. Natengeneza uzito wa ndoano."

Atumani aliyekuwa anaingia uani alitupa mfuko wake chini.

"Toa ku moto! Mama Divine, peleka mutoto mbali!"

Zakaria alishtuka, akaitoa sufuria. Vipande vilikuwa havijayeyuka bado.

"Ile ni madini ya risasi," Atumani alisema. "Ni sumu. Moshi yake inaingia mu damu, vumbi yake inabaki ku mikono na ku nguo. Mutu mukubwa anaugua, lakini mutoto njo anaumia zaidi. Akili yake inachelewa. Kule machimboni niliona watoto walioharibika hivyo, wacha tu. Na maji ya betri inachoma ngozi."

"Sufuria nitaiosha sana," Émérance alisema kwa huzuni.

"Hapana, dada. Haipike tena, hata ukiiosha namna gani."

Zakaria alikubali. Vipande alivifunga kwenye gunia na kuvipeleka kwa fundi wa betri. Kisha akaitoboa sufuria kwa msumari, mtu asije akaiokota na kuipikia wanawe. Émérance aligeuza uso. Inauma kuona sufuria ya arusi inatobolewa, hata kama ni kwa haki.

"Sasa uzito tutatoa wapi?" Zakaria aliuliza kwa sauti ya mtu aliyetubu, baada ya kunawa mikono kwa sabuni na kubadilisha nguo.

Atumani akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na ekru ndogo, zile za chuma zinazokaza skrubu za pikipiki. "Kila fundi wa pikipiki iko nazo za kutupa. Haziyeyushwe, haziumize mutu."

Walikaa kwenye mkeka. Atumani aliipitisha ndoano ndani ya tundu la ekru, akaisogeza ekru mpaka karibu na kichwa cha ndoano, pale kamba inapofungwa. Akaweka manyoya ya jogoo, akaanza kuzungusha uzi. Lakini vidole vyake vilikuwa vya kushika sururu. Ekru ikateleza. Manyoya yakaanguka. Akaanza tena, uzi ukakatika.

Émérance alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. "Kaka, lete hapa."

Akaishika ndoano kama anavyoshika fungu la nywele. Akazungusha uzi kuanzia shinani, akakaza, akazungusha tena, ekru ikakaa mahali pake kama imezaliwa hapo. Akalaza manyoya, akayafunga, akamaliza kwa lile fundo lake lisiloonekana. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya verni nyekundu anayopaka wateja kwenye kucha. Akaipaka juu ya uzi, kichwani.

"Hii ya nini?" Atumani aliuliza.

"Ikikauka, maji haiingie mu uzi. Haitafunguka."

Atumani akaigeuza ndoano huku na huku. Alivuta unyoya, haukutoka. "Miaka yote niko navua," alisema, "sijaona mukono kama huu." Émérance akacheka, na aibu kidogo, lakini alifurahi sana.

Ndoano ile ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Émérance aliijaza manyoya meupe, mengi, ikavimba kama jogoo anayetaka kupigana. Kesho yake Zakaria alipita nayo sokoni, kila mtu akaisifu. Asubuhi yote akaitupa mtoni. Samaki wao hawakuisifu. Alirudi mikono mitupu.

"Unaona?" alisema, na mkono wake ukaenda kwenye chandarua kilichoanikwa.

Émérance akawahi kukishika kile chandarua upande wa pili. "Umeitazama mu maji?"

"Kuitazama namna gani?"

Alichota maji ya Lualaba, akayamimina kwenye beseni anamooshea nywele. Akaidumbukiza ndoano. Wote wawili wakainama. Ndoano ilikaa juu juu, imelala ubavu, kama kifaranga kilichokufa maji.

"Nimeipambia macho ya watu," Émérance alisema polepole. "Na mwenye kuila hakai sokoni. Iko chini, mu maji ya rangi hii."

Akaanza kupunguza. Alichomoa manyoya machache, akadumbukiza. Akachomoa tena, akadumbukiza. Yalipobaki machache na marefu kidogo kupita ndoano, ilizama taratibu, kichwa mbele, na manyoya yakachezacheza nyuma yake. Kisha akafunga nyingine kwa manyoya meusi. Ndani ya yale maji ya kahawia, nyeusi ilionekana vizuri zaidi kuliko nyeupe. Atumani alipoitwa aone, alichutama mbele ya beseni akatikisa kichwa.

"Kwetu ziwa ni safi, nyeupe inaonekana. Hapa sikufikiri. Mama Divine, sasa wewe njo mwalimu."

Yeye aliongeza jambo moja. Kati ya ndoano na kamba aliweka kipande cha waya mwembamba, kwa sababu mbenga, samaki mkubwa wa mto huu, ana meno makali na hukata kamba. Tena akamfundisha Zakaria kuivuta. "Inua kidogo, kisha uache izame. Usiwe na haraka. Samaki wengi wanaikamata ikiwa inashuka."

"Usiwe na haraka," Émérance alirudia, akimtazama mumewe. Zakaria akajifanya hakusikia.

Ndoano zote Émérance alizichomeka kwenye kipande cha kandambili kuukuu, akakitundika juu, mbali na mikono ya Divine.

Kesho yake asubuhi Zakaria aliondoka bila chandarua. Émérance alimkuna mgongo mtoto, ambaye homa yake ilikuwa imeshuka, akafagia ua, akafagia tena mahali alipokwisha kufagia. Jua lilipopanda alisikia mtu anaimba njiani. Zakaria haimbi ovyo. Akatoka mbio.

Mumewe alikuwa amebeba mbenga watatu kwenye ugwe, wamenona, meno nje. Kipande cha kandambili kilikuwa kiunoni, na ndoano nyeusi yenye kichwa chekundu bado ilikuwa imekaza, haikulegea hata uzi mmoja.

"Mama Divine!" aliita kutoka mbali. "Wengine wadogo nimewarudisha. Wakue kwanza!"

Émérance alilia tu, palepale njiani, na hakuona haya.

Mchana huo alifua chandarua kwa sabuni, akakianika kivulini, akaziba matundu kwa uzi mweusi wa nywele. Muuguzi alimwambia kwamba chandarua kilichotumika hivyo kimepoteza dawa yake, na akamwandikisha apate kipya. Lakini hata cha zamani kilichoshonwa vizuri, alisema, ni bora kuliko kitanda kitupu.

Siku hizi wanawake wanaokuja kusukwa huleta pia ndoano za waume zao. Émérance huwafundisha kufunga manyoya wakiwa wanangoja zamu.

Na ahadi? Jioni ya siku ile ya mbenga watatu Zakaria alipanda juu ya kigoda cha wateja, akafunga kamba za chandarua mwenyewe. Alizizungusha kama alivyomwona mkewe akizungusha uzi. Divine alilala katikati, Zakaria akachomeka kingo chini ya mkeka. Mbu mmoja alikuja akilia, akagonga kitambaa, akazunguka, akagonga tena.

Zakaria alimwangalia mbu huyo kwa muda mrefu.

"Leo," alimnong'oneza, "wewe njo unarudi mikono mitupu."