Mwaka Uliomfaa Msanifu

Mabibi na mabwana, hii ni hadithi nzito kuhusu mdororo wa uchumi na afya ya jamii. Wenye haraka ya mapenzi wasubiri. Basi, Msanifu wa majengo alikuwa ameinamia rundo la viatu vya mitumba sokoni, sketi yake ya bluu ikifagia vumbi. Akavuta raba moja. Mkono mwingine ukavuta pacha wake. Wala hamkusubiri sana.

"Hicho changu," alisema Msanifu. "Na mguu wako hauingii."

"Najua, dada. Nilitaka ugeuke tu."

Alikuwa seremala wa kiwanda cha samani, shati limepigwa pasi, ananukia vanishi. "Raba za nini, mtu wa ofisi?"

"Mshahara umekatwa, Fundi. Natembea kwenda kazini."

Wakapendana. Na ajabu ni kwamba hali mbaya ilimfaa Msanifu. Ofisini walipunguziwa mshahara, na saa za kazi pia. Akatembea, akapika nyumbani, akalala mapema, presha ikashuka. Kila jioni alimpigia Fundi simu.

"Mpenzi, njoo tupande kilima."

"Leo nimechoka, roho yangu."

"Jana pia ulichoka."

"Na kesho nitachoka. Mimi mtu wa mipango."

Mwanzoni alicheka. Baadaye rafiki yake akamwambia, "Shoga, mwanamume asiyetaka kuonekana nawe barabarani, kuna anayeogopa kukutana naye." Msanifu akavaa gauni jekundu, lile la ugomvi, akaenda kiwandani.

Nusu ya meza za kazi zilikuwa tupu. Waliobaki walifanya kazi ya walioachishwa. Feni ya kuvuta vumbi ilikuwa imezimwa kuokoa umeme. Fundi alikuwa mweupe kama katolewa kwenye gunia la unga, puani kafunga kitambaa. Alipanda vidato vichache kumfuata mgeni wake, akashika ukuta.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?" Akakohoa mpaka akainama.

Hasira zikamwishia Msanifu. "Tangu lini?"

"Tangu wenzangu waondolewe. Sisi wa huku chini bima imefutwa. Kule kilimani ungesikia kifua kinapiga filimbi. Na wewe uliniambia mwaka huu umekufaa. Ningekujibu nini?"

Kweli alisema. Upepo ni uleule: Msanifu ulimpepea, mwenzake ulimwezulia paa.

"Bima yangu inachukua mume," akasema.

"Hiyo ni posa au rufaa ya hospitali?"

"Vyote. Kesho daktari, kwa mfuko wangu. Kisha tukawaone wazazi wako. Na hapa hurudi mpaka feni izunguke."

"Wakinifukuza?"

"Utakuwa hai, huna kazi. Tutaanzia hapo."

"Mimi niliishia darasa la saba, mpenzi. Watu watasema."

"Waache waseme. Wao wana pumzi."

Fundi akainamisha kichwa, akatafakari kwa kina, akapima heshima yake yote ya kiume, ndipo akakubali.

Hapo nimedanganya, na nimeshikwa. Karakana nzima ilikuwa imezima mashine ikisikiliza, na yeyote kati yao atawaambia kwamba hakutafakari chochote. Alisema ndiyo huku bado anakohoa, ikabidi aseme tena ili Msanifu asikie.