Mwenye Zamu

Magharibi ilikuwa inaingia nilipokwenda kwenye chumba changu cha kazi kujumlisha saa za mwezi. Kipo nyuma ya duka la fundi cherehani: meza, kiti, na dirisha linalotazama ukuta. Mimi ni mshauri wa kujitegemea. Nayaandikia mashirika ripoti za miradi ya maji, nayo hunilipa kwa saa, na kuzihesabu hizo saa kulinichosha kuliko kazi yenyewe.

Nilianza na jedwali kwenye kompyuta. Nikawa nasahau kulijaza mpaka Ijumaa, halafu nabuni. Nikahamia kwenye kitufe cha simu cha kuanza na kusimamisha. Nikapitiwa na usingizi kikiwa kinahesabu, mteja akauliza kama kweli nilifanya kazi hadi alfajiri. Niliona aibu.

Wifi yangu, muuguzi aliyezoea kukabidhi zamu kwa mdomo, akanishauri nijirekodi tu. Kuna programu inayojiwasha yenyewe ikisikia sauti. Nikikaa mezani niseme "naanza", nikiinuka niseme "naacha". Basi.

Ilinifaa. Tatizo likabaki uchovu. Mwezi mzima nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, vidole vinauma. Nikadhani ni umri.

Jioni hiyo nikaweka simu mezani, nikaanza kusikiliza. Sauti yangu: naanza. Sauti yangu: naacha. Nikaandika. Halafu ikaja rekodi nisiyoikumbuka.

Kimya... kisha feni ikigonga, tik, tik, kama ile ya chumbani kwetu, ambako simu hulala kando ya mto wangu. Mkoromo wa mume wangu. Halafu mwanamke, chini chini:

"Naanza."

Haikuwa sauti yangu.

Nikairudisha nyuma. Baada ya neno lile kulikuwa na mchakarisho mwepesi, kama vidole vinavyotembea juu ya shuka. Viliendelea, bila kupumzika, mpaka jogoo akawika. Nikafungua usiku mwingine. Na mwingine.

Yupo.

Hapo ndipo nilipoisikia harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Mle ndani hapakuwa na mshumaa wala taa ya mafuta...

Sikufunga hata dirisha. Fundi cherehani aliniona natoka mbio, akauliza kulikoni, nikasingizia kichwa. Akanitazama kidogo. Akasema mama aliyekuwa na chumba kile kabla yangu, naye mshauri, kila siku alikuwa akilalamika uchovu. Nikamuuliza alihamia wapi.

"Hakuhama," alisema, akirudi kwenye mashine yake. "Walimtoa wamembeba."

Nyumbani nilimwita mume wangu jikoni, nikamsikilizisha. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alikaa chini, akajipangusa uso kwa kiganja, akakiri kwamba usiku mwingi amenikuta nimeketi kitandani, macho wazi, vidole vikigonga shuka kama ninayeandika. Alidhani kazi imenizidi, akaona asinitie hofu. Ila siku moja alinigusa bega akauliza, we nani?

"Nikasemaje?"

Alishusha sauti, maana binti yetu alikuwa amelala chumba cha pili.

"Si wewe uliyejibu," alisema. "Alisema yeye ndiye mwenye zamu."

Usiku ule niliifuta ile programu, nikazima simu, nikaiacha jikoni. Mume wangu alinishika mkono akaahidi kukesha, na kweli alikesha. Sikuketi. Sikutamka neno. Ila karibu na alfajiri, aliniambia baadaye, nilishusha pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo, na chumba kikanuka utambi. Kisha harufu ikatoka. Aliisikia ikipita mlangoni kuelekea ukumbini.

Niliamka mwepesi. Vidole haviumi, kichwa kimetulia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikakaribia kulia kwa utamu wa ule usingizi. Halafu nikaenda kumwamsha binti yetu ajiandae kwenda shule.

Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, macho mekundu. Viganja amevificha kwapani.

"Mama," alinong'ona, "naomba leo nisiende. Nimechoka sana."